Mbuzi wa Ndani ya Kioo

Barua ilikuja siku ya Jumatatu, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la Twaiba, na Matano hakuipenda tangu alipoiona. Kwa alivyozoea yeye, barua yenye heri huletwa na mtu mzima, akakaribishwa, akapewa maji, akauliza hali ya nyumba nzima, ndipo akaitoa. Hii iliingia kimya kimya kama mwizi.

"Isome," akamwambia mjukuu wake.

Twaiba akaisoma. Alikuwa na miaka kumi, gredi ya nne, katika shule ya pale pale kijijini, juu ya Msambweni, kule ambako minazi inapungua na miiba inachukua nchi. Aliisoma bila ya kukwama, kama mtu anayesoma habari za mtoto wa watu. Mradi wa tableti umempima mwanafunzi huyu kwa muhula mzima. Mradi umeona kwamba hawezi kuhesabu. Inapendekezwa apelekwe shule yenye kitengo cha watoto wa mahitaji maalumu, upande wa Matuga, na akae bweni huko huko. Mlezi afike ofisini siku ya Jumatano kutia sahihi.

"Nani hawezi kuhesabu?" akauliza Matano.

"Mimi, tsawe." Tsawe ndiye babu kwa Kidigo, na Twaiba hakuwahi kumwita jina jingine.

Matano akamtazama vizuri. Huyu ndiye aliyemsaidia kuezeka banda mwaka jana, amesimama chini, shingo juu, akimwambia safu hii imebakiza makuti saba na ile kumi na moja. Na yakaingia saba, na kumi na moja.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Twaiba akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile. "Mashine ndiyo iliyosema."

Hakusema kwamba ni uongo. Hilo ndilo lililomsumbua Matano. Mtoto anayesingiziwa hupiga kelele, na huyu alikuwa ametulia kama anayejua kitu.

Mama yake mtoto, Mwanaima, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Diani, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Matano aliishika simu, akaiweka. Mambo ya namna hii humwelezi mtu huku amesimama mbele ya mashine ya kufulia. Kwanza ajue mwenyewe ni nini kinachopikwa.

Jumanne akavuka njia kwenda kwa Chome. Chome alikuwa Mduruma na Mkristo, naye Matano Mdigo na Mwislamu, na kwa miaka thelathini walikuwa wakitukanana kila siku bila ya kugombana hata mara moja. Wote wawili walifuga mbuzi. Chome alikuwa na sifa moja ambayo hata Matano hakuikataa: mkono wake mwembamba ulijua kumgeuza mwanambuzi aliyekaa vibaya tumboni mwa mamake.

"Nilikwambia," alisema Chome, akichonga mpini wa jembe. "Vile vyombo havikuja kufundisha. Vimekuja kuuliza. Huyu mjukuu wangu Kalama kila siku ananiletea habari. Leo imeuliza baba ana mbuzi wangapi. Leo imeuliza mama ana watoto wangapi. Mtu anayetaka kukufundisha, mbuzi wako anawatakia nini?"

"Na Kalama anajibu?"

"Kalama anahesabu hata waliokufa. Hana adabu, amefanana na ninyi Wadigo."

"Angefanana na sisi angekuwa anaoga."

Chome akacheka, kisha uso ukamrudi. "Watu wa kupima barabara walianzaje? Walinihesabia mikorosho yangu, wakaipaka rangi nyeupe moja moja, wakaniambia ahsante mzee. Wiki ya tatu mikorosho imelala chini. Sasa huyo wako hawahesabii, wanamwondoa. Fikiri mwenyewe."

Matano akafikiri. Alikuwa na mbuzi. Wangapi, hilo si swali lililoulizwa katika boma lile. Babake alimlea hivyo, na yeye akalea hivyo: chenye roho hakihesabiwi, awe mtoto, awe mbuzi, awe kuku aliyeatamia. Ukikihesabu umekitangaza, na kilichotangazwa hakikosi wa kukikodolea jicho. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, akaangalia nyuso zikipita, na akamjua asiyekuwapo kabla hajawajua waliopo. Mara moja tu kwa mwaka, kwa ajili ya zaka, aliwapitisha mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akaangusha korosho moja katika kikapu alichokishika Twaiba. Kisha korosho ndizo zilizohesabiwa. Korosho haina roho.

Alirudi kwake ameshaamua kwamba hatatia sahihi hata wakimletea chai na mandazi.

Jumatano ofisini walimletea chai tu. Mwalimu mkuu, jina lake Waziri, alikuwa mtu wa Tiwi, mpole, mwenye kofia safi na sauti ya kuswalisha, naye Matano akamshuku kwa upole huo huo. Ukutani palibandikwa chati ya wastani wa shule, na mstari wake ulikuwa unapanda. Matano hakuhitaji kusoma sana kujua kwamba ukiwatoa shuleni watoto wa chini, mstari hupanda wenyewe.

Pembeni ya meza aliketi msichana mwenye fulana ya mradi, nywele amezisuka rasta ndefu, na tableti mapajani.

"Sasa mzee," akasema.

Mwalimu Waziri akakohoa.

"Shikamoo," akasema yule msichana.

"Marahaba." Matano akaketi. "Wewe ndiwe mwenye hicho chombo?"

"Naitwa Beryl. Mimi ndio nasimamia hizi tableti huku Kwale. Si zangu, ni za mradi." Alikuwa ametoka bara, akikaa Ukunda, na maneno yake yalikuwa yakikimbia. "Mzee wangu, kwanza usiwe na wasiwasi. Hii kitu haimchukii mtoto. Inamsoma. Akipata swali, inampandisha, inampea ngumu kidogo. Akikosa, inamshusha, inampea rahisi. Kila mtoto na njia yake. Twaiba imemshusha mpaka chini kabisa, na bado anakosa. Mtoto wa gredi ya nne, anashindwa kuhesabu mpaka tatu."

"Mjukuu wangu anashindwa kuhesabu mpaka tatu."

"Data ndiyo inasema, mzee. Si mimi."

Matano akamgeukia mwalimu. "Nawe mwalimu, umemfundisha. Anashindwa?"

Waziri akatazama kikombe chake. "Daftarini hashindwi," akasema polepole. "Ubaoni hashindwi. Nimeandika hivyo. Lakini siku hizi, mzee, ripoti inayosomwa ni ile inayotoka kwenye mashine. Yangu hubaki hapa kwenye faili."

Jibu hilo lilimkera Matano, kwa sababu lilikuwa la mtu mkweli, na yeye alikuwa amejiandaa kwa mtu mwongo.

"Nionyeshe alipokosea," akamwambia Beryl.

"Yote? Ni mengi."

"Nina siku nzima. Mbuzi wako malishoni."

Beryl akavuta kiti, akaiweka tableti katikati yao, akaanza kupitisha kidole. Matano hakuwa msomaji wa haraka. Alipita madrasa, na miaka mitatu ya shule iliyokatikakatika. Lakini picha aliziona. Ndani ya kioo palikuwa na sungura mwenye mkoba mgongoni. Mtoto akipata, masikio ya sungura yanasimama. Akikosa, yanaanguka, na sungura anainama kama aliyefiwa.

"Hizi ni za mwanzo wa muhula," alisema Beryl. "Hapa alikuwa sawa kabisa. Ona, nazi, amepata. Maembe, amepata. Vijiti, mawe, madirisha ya nyumba, amepata yote. Halafu hapa wiki ya tatu, anaanza kuanguka."

Kidole kikapita. Mbuzi kwenye uwanja, masikio chini. Kuku na vifaranga vyake, masikio chini. Mama na watoto wake wamepanga mstari, masikio chini. Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi wachache zaidi. Ng'ombe. Mbuzi watano, mbuzi wanne, mbuzi watatu chini ya mti, na sungura ameinama, ameinama, ameinama.

Matano akakisukuma kikombe chake kando.

"Kwa nini ni mbuzi watupu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo sasa ndiyo poa yake." Beryl alichangamka. "Inagundua pale mtoto ana shida, inakaa hapo hapo mpaka ashike. Akikosa mbuzi, inamletea mbuzi wengine, rahisi zaidi. Haichoki kama mwalimu. Samahani, mwalimu."

"Hapana neno," akasema Waziri.

"Na ni nani aliyewatia humo hao mbuzi?"

Msichana akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesubiri kuulizwa. "Ni mimi, mzee. Hizi maswali zilikuja na matofaa na treni. Nikawaambia huko ofisini, mtoto wa Kwale ndani ndani ameona treni wapi? Hebu tuweke vitu za kwao. Tuweke mbuzi, kuku, familia kubwa, ajisikie yuko nyumbani. Wakakubali. Kaunti nzima sasa inatumia hiyo."

Matano alimtazama yule msichana, akitafuta ule ujanja aliokuja kuukamata. Hakuuona. Aliona mtu aliyetaka kumfurahisha mgeni, akampikia kile alicho na mwiko nacho. Na matofaa angeyahesabu. Angeyahesabu yote, na treni nzima na mabehewa yake.

Aliinua macho, akakuta Mwalimu Waziri anamtazama. Yule mtu wa Tiwi alikuwa ameziona picha pamoja naye, na alikuwa ameelewa, au alikuwa ameelewa siku nyingi. Alimwachia Matano aseme.

Matano hakusema. Aibu ni kitu kizito, na yake ilikuwa na mzigo mwingine chini yake.

"Sitii sahihi," akasema. "Apimwe tena, mbele yangu."

"Inawezekana, mzee. Ijumaa asubuhi. Lakini sitaweza kumbadilishia maswali. Mimi siwezi kugusa ndani, imefungwa. Ataletewa zile zile."

"Aletewe," akasema Matano, akainuka na kuiacha chai yake nusu.

Njiani aliwaza, na kila alilowaza lilimrudisha siku moja, miaka mitatu nyuma. Twaiba alikuwa ametoka shuleni na furaha ya kujua kuhesabu kupita kumi. Akasimama mlangoni pa zizi jioni, kidole mbele, akawahesabu mbuzi kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na akaitaja jumla yao kwa nguvu hata Chome akasikia ng'ambo ya njia. Matano alimshika kile kidole, akamwambia akiume. Siku ya pili yake mbuzi bora wa zizi lile, Kikuba, mwenye mabaka meupe shingoni, alifia katika kuzaa. Na Matano, huku akifukia shimo, alisema neno. Alisema, unaona sasa.

Ni hilo tu. Hakulisema tena. Lakini lilikuwa limetosha.

Alimkuta Twaiba anachota maji ya mbuzi. Akaketi juu ya karai lililopinduliwa.

"Wale mbuzi wa kwenye tableti," akasema. "Uliwahesabu au hukuwahesabu?"

Twaiba akasimamisha ndoo. Alitazama mlango wa zizi, kisha akamtazama babu yake, kama anayepima kama huu ni mtego.

"Niliwahesabu kwa macho," akasema hatimaye. "Sikuwataja. Walipokuwa watano nikabonyeza wawili. Walipokuwa watatu nikabonyeza tisa. Nikitaja uongo haihesabiki, tsawe. Haiwapati."

"Haiwapati kina nani?"

"Hawa." Akaonyesha zizi kwa kidevu, si kwa kidole. "Na wale watoto wa kwenye picha, nilihofu ni sisi. Na mama. Ile inauliza mama ana watoto wangapi, na mama yuko mbali."

Muhula mzima. Muhula mzima mtoto huyu alikuwa amekaa mbele ya sungura aliyenuna, darasa likimcheka, akishushwa ngazi baada ya ngazi, naye akilinda zizi la babu yake kwa kubonyeza uongo. Na aliposoma mwenyewe kwamba ni mjinga, hakujitetea, kwa sababu mlinzi hasemi alipojificha.

Matano alijikuna ndevu. Alikuwa mtu wa kushuku watu, na alikuwa amewashuku wengi tangu Jumatatu: mashine, mwalimu, msichana wa bara. Alikuwa amemruka mmoja tu.

"Kaa hapa," akasema. "Kikuba hakufa kwa sababu ya kidole chako."

Twaiba hakukaa.

"Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Miguu ndiyo iliyotangulia, tena mmoja, mwingine umekunjwa. Niliingiza mkono wangu nikaugusa. Nilijua tangu alasiri."

"Chome anajua kuwageuza."

"Chome anajua. Ningemwita angekuja mbio. Lakini asubuhi yake tulikuwa tumebishana kuhusu mpaka wa malisho, naye alinishinda mbele ya watu, na mimi nikasema, huyu simwendei leo. Nikangoja. Nilipoamua kumwita, Kikuba alikuwa amekwisha."

"Wewe ulisema unaona sasa."

"Nilisema. Ilikuwa rahisi kukutazama wewe kuliko kujitazama mimi."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ndoo hadi vumbini. Twaiba aliyaangalia yakidondoka. Matano alitamani alie, au akasirike, apate la kumbembelezea. Mtoto aliinua ndoo yake tu.

"Kwa hiyo wenye roho wanahesabiwa?" akauliza.

Matano angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini alikuwa ametoka kukiri uongo mmoja, na hakutaka kupanda mwingine mahali pake. "Mimi siwahesabu," akasema. "Babangu hakuwahesabu. Sitakudanganya kwamba sina hofu. Lakini wale wa kwenye kioo hawali, hawanyi, hawazai. Wamechorwa na msichana wa watu. Ijumaa utawahesabu kwa korosho, kama tunavyofanya kwa zaka. Na ukitaja, utaje kweli. Uongo basi. Wako na wangu."

Ijumaa asubuhi walikuwa wanne ofisini: Waziri nyuma ya meza yake, Beryl na tableti, Twaiba na sare iliyopigwa pasi ya mkaa, na Matano na kanzu ya sala. Alitoa mfukoni pakiti ya karatasi, akamwaga mezani korosho za kukaanga.

"Mzee, hizi ni za nini?" akauliza Beryl.

"Ni vidole vyake. Au chombo chako hakiruhusu vidole?"

"Vidole ni sawa," akasema Waziri haraka.

Sungura akatokea, masikio yamelala, kwa maana alimkumbuka Twaiba. Akamletea mbuzi watatu chini ya mti. Twaiba aliwatazama. Mkono wake haukusogea. Sungura akapepesa macho, akangoja, na pembeni ya kioo mstari mwekundu ukaanza kufupika.

"Hesabu korosho," akasema Matano.

Twaiba akavuta korosho moja. Ya pili. Ya tatu. Akazitazama hizo, si kioo, akabonyeza. Masikio ya sungura yakasimama wima kama aliyeitwa jina.

Mbuzi watano: korosho tano. Kuku na vifaranga vyake. Mama na watoto wake. Hapo alingoja, akamtazama babu yake, naye Matano akauma meno na kuitikia kwa kichwa, na korosho sita zikapita. Kisha maswali yakaanza kukimbia. Mbuzi ishirini wameingia mtoni, saba wamebaki ng'ambo. Twaiba hakuzigusa tena korosho, alizitupia jicho tu, halafu hata jicho akaacha. Mbuzi arobaini na nane kwa wafugaji sita. Ng'ombe, nusu yao, robo yao. Sungura alirukaruka mpaka mkoba ukamtoka mgongoni. Beryl alikuwa amekaribia kwa kiti chake, mdomo wazi. Mwalimu Waziri alikuwa anatazama nje dirishani, mabega yanamtikisika, na Matano akajua kwamba yule mtu mpole anacheka.

Halafu kioo kikasimama. Sungura akaondoka. Pakatokea maandishi mekundu.

"Ai," akasema Beryl.

"Kimesemaje?"

"Inasema simamisha. Ati mtoto huyu alikuwa chini kabisa, na sasa amepita darasa lote kwa dakika ishirini. Haiamini. Inashuku amesaidiwa."

Kwa mara ya kwanza Matano alihisi anaielewa mashine ile. Angekuwa yeye, naye asingeamini.

"Kwa hivyo?"

"Inataka mlezi aseme neno. Iko na fomu." Beryl akashuka chini kwa kidole, akatulia, na sauti yake ikapungua mbio. "Jina la mlezi. Kijiji. Watoto wangapi wanakaa nyumbani. Mifugo... wangapi."

Chome alikuwa na haki yake, basi, pamoja na mikorosho yake. Waliuliza.

"Ya nini?" akasema Matano.

"Mzee, mimi sijui ukweli. Ati inataka kujua mazingira ya mtoto, ndio imwelewe."

"Na nisipojaza?"

"Haisogei. Barua inabaki vile ilikuwa."

"Weka tu nambari yoyote, mzee," akasema Waziri kwa upole. "Hakuna atakayekuja kupekua zizi." Kisha akaongeza, akitazama kofia yake mezani, "Kwetu pia marehemu bibi alikuwa hivyo hivyo."

Matano alilipima hilo. Nambari yoyote. Ilikuwa njia nyepesi, njia ile ile ya kubonyeza tisa pale palipo watatu. Akageuka, akakuta Twaiba anamtazama. Hakuwa akimwomba kitu. Alikuwa anangoja aone tu, kama alivyosimama na ndoo yake juzi.

Akazikusanya korosho zote upande wake. Akaitoa moja, akaiweka katikati ya meza. "Msafiri," akasema. Ya pili. "Kipara." Ya tatu. "Mke wa Hakimu. Binti yake. Yule mwenye pembe iliyokatika. Bi Kelele." Aliwaita polepole, kwa nyuso zao, kama wanavyopita mlangoni jioni, na kila aliyemwita aliacha korosho moja mezani. Hakuwahesabu. Mwisho wa majina akaondoa mkono.

"Hizo ni korosho," akamwambia Beryl. "Zihesabu wewe."

Akageuza uso dirishani. Alisikia ukucha wa msichana ukigonga meza, moja, moja, bila ya sauti ya mdomo. Alikuwa ameelewa. Alihesabu kimya, akaandika, hakutaja.

"Na watoto?" aliuliza, taratibu sana.

Matano akachukua korosho nyingine moja, akaiweka peke yake, karibu na mkono wa Twaiba.

Beryl akaandika. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kisha sungura akarudi na mkoba wake. "Imekubali," akasema Beryl, na pumzi ikamtoka. "Barua imefutwa. Anabaki hapa hapa, gredi ya nne. Imempandisha ngazi." Aliegemea kiti, akacheka, mtu aliyechoka kwa kazi ya wengine, na mkono wake ukaenda mezani wenyewe, ukachukua korosho moja katika lile fungu, akaitia mdomoni.

"Tamu," akasema, akitafuna. "Ni za wapi, mzee?"

Mwalimu Waziri alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Twaiba alinyoosha mkono mara moja, akaichukua ile korosho iliyokuwa peke yake, akaifumba kiganjani.

"Za kwangu," akasema Matano baadaye.

Korosho haina roho. Alijiambia hivyo msikitini, akajiambia tena njiani, na alipofika nyumbani hakula, alikwenda moja kwa moja zizini akangoja, jua likiwa bado juu. Hakuiona ilikuwa korosho ya nani. Ilitoka pembeni, upande wa mwisho, kwa Bi Kelele huko, au kwa yule wa pembe iliyokatika.

Mbuzi walirudi saa yao. Twaiba alisimama upande mmoja wa mlango na Matano upande wa pili, na nyuso zikapita baina yao, na vumbi, na harufu. Yule wa pembe iliyokatika akapita. Bi Kelele akapita akilalamika. Msafiri alichelewa kama kawaida yake, akaja mwisho, na majani mdomoni.

"Nani hayupo?" akauliza Matano.

Twaiba akapitisha macho zizini, bila ya haraka, bila ya kidole.

"Hakuna asiyekuwapo, tsawe."

Matano akafunga mlango, akaufunga kwa kamba, kisha akaongeza fundo la pili. Twaiba alifungua kiganja. Ile korosho yake ilikuwa imelowa jasho. Akaitazama kidogo, akaila mwenyewe.